Ujumbe Ulioenda kwa Nambari ya Pili

Wiki jana, wasomaji wangu, niliwaacha nikiwa nimeketi juu ya godoro nyuma ya lori la kukodi, kenta, mimi na binti yangu Maxine, televisheni tumeipakata kama mtoto mchanga, mji wa Nkubu kule Meru tumeupa kisogo. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vilikuwa ndani ya bendeji. Mume wangu Kiunga ndiye aliyevibana kwa mlango. Aliufunga, akaufungua, akaufunga tena.

Wengi mmeniandikia mkiuliza kama nilibadilisha nambari ya simu. Nilibadilisha. Ile kadi ya zamani niliivunja kwa meno nikaitupa chooni. Kosa langu lilikuwa mahali pengine, na leo nitalisema lilivyo, hata kama mtanichukia.

Tulishukia Karurumo, upande wa Embu, kwa rafiki yangu Kaari. Tulisoma naye chuo kimoja. Ndiye aliyenitafutia nyumba ya vyumba viwili kwenye ploti ya nyumba za kupangisha ya mzee Njura, nyumba nambari nne, geti jeusi nyuma ya kinu cha unga, posho mili.

Siku ya kwanza tulilala. Siku ya pili nikakumbuka kazi.

Kazi yangu ni kusikiliza sauti za madaktari wa ng'ambo na kuziandika kwenye kompyuta. Bila intaneti mimi si mtu. Bosi wangu alikuwa amenipa mpaka Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumanne.

"Hiyo si shida," Kaari akasema. "Runji atakuwekea leo leo."

Runji ni mume wake. Anauza intaneti ya dishi. Anapanda juu ya mabati, anaelekeza dishi lake kwenye mlingoti ulioko Kanja, na wewe unapata waifai na televisheni kwa pamoja.

"Na kitambulisho?" nikauliza.

"Runji haulizi mtu kitambulisho. Unaandikwa jina lolote. Mama Fulani, nyumba nambari nne. Kwisha."

Ningekubali pale pale, hadithi hii ingeishia hapo na nyinyi mngesoma mambo mengine.

Lakini Runji alipoleta dishi la kujaribia, mawingu yalikuwa yametanda kutoka mlimani. Nikafungua sauti ya daktari mmoja. Ikasema maneno matatu, ikakwama. Ikasema mawili, ikakwama.

"Ni mawingu tu, shemeji," Runji akasema akijikuna kichwa. "Yakitoka itakuwa moto."

"Yakitoka saa ngapi?"

"Ai, hiyo sasa uliza Mungu."

Maxine naye alikuwa ameketi mbele ya televisheni, anatazama katuni iliyoganda mdomo wazi.  Tangu tuondoke Nkubu alikuwa anaongea kidogo sana. Ana miaka kumi, na ni lazima niwaambie jambo hili ili mwelewe yatakayofuata: Kiunga hakuwahi kumnyanyulia Maxine mkono. Hata siku moja. Kwake yeye alikuwa baba wa kumbeba mabegani na kumchongea wanasesere wa mbao kule kwenye kiwanda chake cha mbao. Yaliyokuwa yakinipata mimi yalikuwa yananipata mlango ukiwa umefungwa.

Basi nikapiga simu kwa kampuni ya intaneti ya waya. Ile ile niliyokuwa nayo Nkubu.

Msichana aliyepokea alikuwa na sauti tamu. "Mteja mpya atangoja siku kumi, madam. Lakini wewe ni mteja wetu. Tukikuhamishia huduma, fundi anafika kesho saa nne. Intaneti na chaneli zako zote, kama ulivyokuwa."

"Akaunti ni ya jina langu, sivyo?"

"Ni ya jina lako na kitambulisho chako."

"Basi badilisheni nambari ya simu, muweke hii ninayopigia."

"Nimebadilisha, madam. Nihamishe?"

Kaari alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. "Kagwiria, usifanye hivyo. Hiyo kampuni inakujua."

"Inanijua mimi. Haimjui Kiunga."

"Chukua ya Runji. Vumilia mawingu."

"Nikifutwa kazi, mawingu yatamlisha Maxine?"

Kaari akaguna akaenda zake. Nikamwambia yule msichana, "Nihamishe."

*

Fundi alifika saa nne kasoro, Jumatano. Aliitwa Mugendi. Kijana mrefu wa Siakago, mcheshi, amevaa fulana ya kampuni yenye mistari inayong'aa, mke wake anakaribia kujifungua. Haya yote aliniambia kabla hajamaliza kufungua ngazi.

Mzee Njura akatoka na bakora yake. "Hapana kutoboa ukuta wangu! Hii plasta ni mpya!"

"Mzee, ni katundu kadogo kama ka panya," Mugendi akasema.

"Mimi sitaki panya!"

Nilimbembeleza mzee kwa chai mpaka akakubali tundu moja tu, juu ya dirisha. Mugendi akalitoboa kwa drili ya betri kutoka ndani, akaiacha ile drili mezani, akatoka nje kupanda ngazi kuvuta waya. Maxine alikuwa chumbani anapanga vitabu vyake.

"Madam!" Mugendi akaita kutoka juu. "Ile meseji ya jana ulipata? Iko na namba ya kufungua televisheni."

"Sikupata meseji."

"Zii, hapana, lazima ulipata. Mimi naiona hapa kwa simu yangu. 'Mpendwa mteja, huduma yako inahamishiwa Karurumo, ploti ya Njura, geti jeusi, nyumba nambari nne. Fundi wetu Mugendi atafika kesho saa nne asubuhi.' Ilitumwa jana saa kumi na moja."

"Ilitumwa kwa nambari gani?"

"Ilienda mbili. Ya kwanza ilikataa, mtandao ulikuwa chini. Lakini ya pili ilifika."

"Ya pili ipi?"

Akanisomea tarakimu moja moja. Alipofika ya nne nilikuwa nimeshajua.

Miaka sita nyuma, siku tuliyowekewa intaneti Nkubu, fomu ilikuwa imeuliza: nambari mbadala ya mtu wako wa karibu. Nani wangu wa karibu wakati ule? Niliandika nambari ya Kiunga kwa mkono wangu mwenyewe.

"Shuka," nikamwambia Mugendi. "Shuka sasa hivi. Kusanya vitu uende."

"Madam, nimebakisha kufunga tu..."

"Shuka!"

Geti likagongwa na pua ya gari. Pikapu ya Kiunga ya kubebea mbao ikaingia bila kupiga honi.

Kithinji, mdogo wake, ndiye aliyekuwa anaendesha. Kiunga aliruka kabla haijasimama. Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama yule mwanamume aliyekuwa juu ya dirisha langu.

"Wewe ndiye Mugendi?"

"Ndiyo, boss. Ni mimi."

Maskini alikuwa anatabasamu.

Kiunga akaipiga ngazi teke.

Mugendi alianguka kwa ubavu juu ya karo la kufulia. Nilisikia mguu wake ukivunjika. Ulilia kama ubao mkavu. Kabla hajapata pumzi ya kupiga kelele, Kiunga alikuwa amemkalia kifuani anampiga ngumi za uso, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayepigilia misumari.

"Unaletewa mke wangu kwa meseji! Saa nne asubuhi! Kwa meseji!"

"Ni fundi!" nikapiga kelele. "Kiunga, ni fundi wa waifai!"

Akageuka. Damu ya Mugendi ilikuwa imemrukia kwenye meno.

Nilikimbilia ndani nikafunga mlango. Kitasa kilikuwa cha mzee Njura, cha bei rahisi. Bega moja tu, mlango ukaja mzima mzima na fremu yake. Akanishika nywele, akanigonga uso kwenye meza. Mara ya kwanza niliona mwanga. Mara ya pili sikuona kitu. Akanilaza chali juu ya meza, akanikaba koo kwa mikono miwili.

"Nilikwambia utaondoka kwangu umelala," akasema taratibu. "Sikukwambia?"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa unapapasa juu ya meza. Ulikuta kitu kizito. Ulikuta kidude cha kubonyeza.

Niliipeleka drili kwenye paja lake, nikabonyeza.

Sitawaeleza sauti ile. Ilipita suruali, ikapita nyama, na mimi sikuachilia. Nilihesabu. Moja, mbili, tatu. Alikuwa ameshaniachia koo kwenye moja. Zile mbili zilizobaki zilikuwa zangu.

Niliposimama, Maxine alikuwa mlangoni mwa chumba, ameshika kitabu kifuani. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Ingia ndani ujifungie!" nikamwambia.

Hakuingia. Alikuwa anamtazama baba yake akigaagaa sakafuni.

*

Nje kelele zilikuwa zimeita watu. Watu wa posho mili, watu wa bodaboda, wanawake waliokuwa wanapeta maharagwe. Walifika wakamkuta Mugendi chini, uso umevimba, na Kithinji amesimama kando yake.

Kithinji si mjinga. Aliona umati, akaona damu mikononi mwa ndugu yake aliyekuwa anajikokota kutoka mlangoni, na akajua wataanza kuuliza.

"Mwizi!" akapaza sauti, kidole kwa Mugendi. "Ni wale wanajifanya mafundi! Amedunga ndugu yangu!"

Mwezi uliopita, nilikuja kuambiwa baadaye, watu waliovaa fulana za mafundi walikuwa wamesomba televisheni tatu kwenye ploti ya jirani. Karurumo ilikuwa inawangoja.

Jiwe la kwanza lilimpata Mugendi begani. La pili likampata mdomoni. Mwanamume mmoja alichukua ile ngazi, akaiinua juu kwa mikono miwili.

"Mimi ni fundi!" Mugendi alikuwa analia. "Angalieni kadi yangu ya kazi, job card! Woi, angalieni kwa mfuko!"

Nani aangalie mfuko? Ngazi ikashuka juu ya ule mguu uliovunjika.

Nilitoka. Uso wangu ulikuwa damu tupu, shingo ina alama za vidole, drili bado mkononi. Nilipasua umati nikasimama juu ya Mugendi.

"Huyu ni fundi wangu! Mimi ndiye nilimwita! Aliyemvunja ni yule!"

 Macho yote yakanifuata kidole mpaka kwa Kiunga, aliyekuwa amefika kwenye tairi la pikapu anajishikilia.

"Nani huyo?" mwenye bodaboda mmoja akauliza.

"Ni mume wangu. Ametoka Meru kuja kuniua."

Sikuhitaji kuongeza neno.

Walimwendea kama maji ya mto. Walimvuta kutoka kwenye tairi, wakampiga kwa mbao zake mwenyewe walizozipakua kwenye pikapu. Mzee Njura alikuwa na bakora yake mbele kabisa. Mtu mmoja alikanyaga lile tundu la paja. Kiunga, ambaye sikuwahi kumsikia akilia miaka kumi na miwili, alilia.

"Kagwiria! Waambie! Kagwiria, mama, waambie!"

Hakuna aliyenishika mdomo.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nimekuwa nikiogopa kufika tangu nianze kuwasimulia. Yule mwenye bodaboda aligeuka, ubao mkononi, jasho linamtoka, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Siste, imetosha ama tuendelee?"

Nami nilimtazama Kiunga. Nikavitazama vidole vyangu viwili. Nikanyamaza.

Mwenye bodaboda akaelewa. Akageuka akaendelea.

Sikuhuzunika. Nilikuwa naona raha, wasomaji wangu. Nilisimama pale nikitazama kila ubao ukishuka. Mtu akasema tairi liletwe achomwe nalo, na bado nilinyamaza. Tairi likaja linabingirishwa kutoka kwa fundi wa pancha, na bado nilinyamaza.

Aliyepiga kelele ni Kaari. Alikuwa ameambiwa sokoni, akaja mbio viatu mkononi. Aliingia kati ya zile mbao kama kichaa, akajilaza juu ya Kiunga mwili mzima, mwanamume ambaye hakuwa akimpenda hata kidogo.

"Mnipige mimi kwanza! Mnataka mtoto aje kusikia baba yake alichomwa? Mnipige mimi!"

Ubao mmoja ulimpata mgongoni kabla aliyeushika hajauzuia. Kisha mikono ikashuka, mmoja mmoja. Watu wakaanza kutazama chini. Lilipofika gari la polisi walikuwa wamebaki wanawake na mzee Njura, anafuta bakora yake kwa nyasi.

Mugendi alibebwa kwanza. Aliponipita kwenye machela alifungua jicho moja. "Waya nimefunga, madam," akasema. Sijui kama alikuwa na akili zake. Kiunga alibebwa wa pili, pumzi inakoroma, paja limefungwa kwa shati la mtu.

Hapo ndipo nilipoliona geti likiwa wazi.

Pikapu haikuwepo.

Niliingia ndani naita. Chumba cha Maxine kilikuwa kitupu. Vitabu vilikuwa vimepangwa vizuri, viatu vyake vya shule havikuwepo.

*

Kituoni tulipokelewa na Sajini Angeline, mama mmoja mnene mtulivu ambaye alinipa maji na kitambaa kabla ya kuniuliza chochote. Kaari aliketi kando yangu, ameinama mbele kwa maumivu ya mgongo.

"Anza na mtoto," Sajini akasema. "Yuko wapi?"

Kabla sijajibu simu yangu ikalia. Nambari ya Kithinji naijua kwa kichwa, na yangu mpya Maxine alikuwa ameikariri. Nikatoka barazani.

"Mama."

"Maxine! Uko wapi? Amekuumiza?"

"Hapana. Tumepita Chuka. Tunaenda kwa cucu, kwa mama yake baba."

"Sikiliza mami, mwambie ankoo Kithinji asimame. Mama anakuja kukuchukua."

 Nilisikia gari likikohoa kupanda mlima.

"Sitaki," akasema.

"Maxine..."

"Walikuuliza kama imetosha. Niliwasikia. Nilikuwa dirishani." Sauti yake haikuwa na kilio hata kidogo, ilikuwa sauti ya mtu mzima. "Mama, kwa nini hukusema imetosha?"

Simu ikakatika. Nilipiga tena, ikawa imezimwa.

Nilirudi ndani nikaketi. Sajini Angeline alikuwa ameshika kalamu.

"Haya, mama. Mtoto alienda na ankoo yake kwa hiari, ama alichukuliwa?"

Nilijua tofauti ya maneno hayo mawili. Lile la kwanza lingenipeleka kwa mzee wa ukoo, kwa chifu, kwa vikao vya miezi na mama mkwe anayesema mimi ndiye niliyemtoboa mwanawe. La pili lingemrudisha Maxine leo.

"Alichukuliwa," nikasema.

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu. Alimbeba akamtupa ndani ya gari."

"Ana silaha?"

Nikafikiria kidogo tu. "Ana panga chini ya kiti."

Sajini hakupoteza muda. Alishika redio koli, akataja rangi ya pikapu na mbao nyuma, akasema mtoto ameibwa, dereva ana silaha, amehusika na jaribio la kuua. Kutoka upande wa pili sauti ya mwanamume ikajibu kwamba wako barabarani, kwenye daraja lililo baada ya Chuka, wanaweka vizuizi.

Kaari aliinua uso. Akanisogelea mpaka nikaisikia pumzi yake sikioni.

"Kagwiria. Mimi nilikutana na hiyo gari getini nikija. Mtoto alifungua mlango mwenyewe. Akapanda mwenyewe, akafunga mkanda."

"Nyamaza, Kaari."

"Umewaambia ana panga. Hao wanaume wana bunduki."

"Nimesema nyamaza."

"Sitanyamaza kama wewe."

Redio ikakwaruza. Tuliisikia sote watatu, kila neno.

"Tumeiona pikapu. Tumeisimamisha, imekataa kusimama. Narudia, imekataa kusimama, inatujia kwa kasi. Tunaomba amri ya kupiga risasi."

Sajini Angeline alikiinua chombo karibu na mdomo. Hakubonyeza. Alimtazama Kaari, aliyekuwa amesimama sasa, kisha akanigeukia mimi.

"Mama Maxine, nitakuuliza mara moja tu. Una hakika yule mtoto alichukuliwa kwa nguvu?"